Sanduku la Firmin

Mimi kazi yangu ilikuwa kuwapaka waigizaji poda, na habari za mizimu niliwaachia watu wa Brittany, wanaoziamini. Siku hizi nimefyata mdomo.

Odette aliigiza jukwaani Paris miaka na miaka, na maneno hayakumkaa kichwani hata kidogo. Aliyemwokoa ni mumewe, Firmin, aliyejikunyata kwenye sanduku la mbao mbele ya jukwaa na kumnong'oneza kila alipokwama. Siku chache ambazo Odette alimaliza bila msaada, Firmin aligonga ubao mara mbili kwa kidole, humohumo ndani. Pongezi yake ndiyo hiyo. Maua hakununua kamwe, bahili yule.

Firmin alipofariki, Odette akakimbilia filamu, maana huko mtu husema kipande kimoja kimoja. Lakini mwongozaji wetu, Valcourt, alitaka filamu yake ya mapenzi ya waigizaji iishe kwa maneno marefu ya kumuaga mpenzi, bila kamera kusimama. Odette alikwama asubuhi nzima.

"Bibi Odette," Valcourt akasema, "baada ya chakula ukikwama tena, anaingia Ghislaine, mwigizaji wa akiba."

"Na Ghislaine keshajipodoa," nikamnong'oneza Odette. "Usimpe raha hiyo, shoga."

"Bila Firmin mimi si kitu. Wewe unajua."

Nilijua, na iliniuma.

Tuliporudi, alilikodolea macho sanduku kama la Firmin, ambalo mafundi walilipigilia kwenye jukwaa la bandia kwa ajili ya filamu tu. Chini yake palikuwa na saruji tupu, pasipo pa mtu kuingilia. Akaanza, na maneno yakamtoka mpaka mwisho. Tulipiga makofi sote, isipokuwa Anselme, fundi sauti.

"Kuna mwanamume anaongea humu," akasema, akatuwekea kanda.

Kabla ya kila sentensi ya Odette ilitangulia sauti ya chini, yenye kikohozi cha tumbaku. Nilimfahamu Firmin papo hapo, nikaangusha kopo la poda.

"Mjinga gani huyo?" Valcourt akafoka. "Ng'oeni hilo sanduku!"

Mafundi wakaling'oa. Hapakuwa na mtu, ila harufu ya tumbaku ilitupiga puani. Wakalirudisha haraka na hakuna aliyemtazama mwenzake.

Odette akainama pale. "Firmin, baba we, basi sasa," akasema kwa upole. "Wanakusikia. Utanifukuzisha kazi."

Kamera ikaanza tena. Katikati akakwama. Akalitazama sanduku akingoja, na Anselme akatikisa kichwa kwamba hasikii kitu. Ghislaine akainuka kitini. Nilitamani kumrushia brashi.

Odette akafumba macho. Kisha akaendelea mwenyewe, polepole, neno kwa neno, hadi la mwisho.

Hapo sanduku likagongwa kwa ndani, mara mbili.

Makofi hayakupigwa. Odette alikuwa analia na kucheka kwa pamoja.

"Hiyo nayo imeingia kwenye kanda?" Valcourt akauliza.

"Imeingia," Anselme akajibu.

"Iacheni," Odette akasema, na ikaachwa.