Mguu wa Kulia wa Wenceslaus

Mwaka 1994 mabasi ya Mbeya yalikuwa yakisimama Mikumi ili abiria wapate kula, na Wenceslaus alikuwa akiwachomea mbuzi kando ya barabara. Nyama aliwauzia wao, vipande vya mafuta akajipa mwenyewe, eti anaonja chumvi.

Mguu wake wa kulia ukaanza kufa ganzi. Madaktari wa Dar es Salaam walikuta mshipa umezibwa na mafuta, wakamwekea mwingine waliouchukua pajani ili damu ipate njia.

"Damu yako bado ina mafuta mengi," daktari alimwambia. "Usipoacha kuyala, na huu utaziba."

Kisha akamwonyesha Yudith, mke wake, pa kugusa mapigo juu ya mguu, usawa wa kidole gumba. Yakipotea, wasingoje kesho.

Tangu hapo Yudith alimpima kila asubuhi. Wenceslaus alivumilia, lakini huko bandani chumvi iliendelea kuonjwa.

Asubuhi moja aliamka mguu umepoa kama samaki. Alimwogopa Yudith kuliko ugonjwa, kwa hiyo alitoa mguu wa kushoto chini ya blanketi.

Yudith aligusa. "Mapigo yapo." Akapapasa vidole. "Baba Anitha, kidole gumba kimehamia upande wa pili."

"Nimelala vibaya."

Akalivuta blanketi. Mguu wa kulia ulikuwa umepauka. Hakugombana naye, alikwenda barabarani akasimamisha lori la vitunguu lililokuwa likienda Morogoro. Wenceslaus akalazwa juu ya magunia, Yudith ameupakata mguu.

"Umekula lini?"

"Jana."

"Na juzi?"

"Juzi kidogo."

"Jumapili?"

"Jumapili kulikuwa na wageni."

"Wageni gani? Mbona sikuwaona?"

Wenceslaus akageukia vitunguu. Machozi yalimtoka, na hakusema yalitokana na nini.

Hospitalini walilitoa donge la damu lililoziba mshipa. Mguu ukapona, ila vidole viwili vilikatwa.

Baada ya hapo Yudith ndiye aliyechoma nyama. Wenceslaus alikaa kwenye benchi na sahani ya mchicha, akavua kiatu, akawaeleza abiria habari ya mafuta na mishipa, hatua kwa hatua. Wiki ya pili, basi zima liliagiza chai tupu. Yudith akamhamishia nyuma ya banda, akamenye ndizi.