Ngitili ya Mzee Mwandu

Milembe binti Mwandu hakuzaliwa na aibu ya kuomba. Wenzake chuoni Morogoro walipomwambia kwamba ufadhili wa shahada ya uzamivu ni wa wenye wajomba wizarani, aliwacheka, akaandika andiko lake la utafiti wa udongo na kulipeleka posta. Jibu likaja kutoka Uholanzi. Chuo kingemlipia kila kitu, masomo, maabara na ndege, mradi awe na malisho yaliyopumzishwa kila masika kwa miaka mingi, na yasilimwe hadi amalize utafiti. Profesa atakayemsimamia angekuja kuyaona mwenyewe, nyasi zikiwa bado zimesimama, ndipo atie sahihi.

Sharti hilo halikumnyima usingizi. Nje kidogo ya Bariadi baba yake alikuwa na ngitili, ile akiba ya nyasi ambayo Msukuma huifunga mvua zikianza na kuifungua kiangazi kikishaanza kuuma. Zamani kila ukoo ulikuwa nayo. Lakini tangu ruksa ya biashara huria iingie kwenye pamba, na malori ya wanunuzi binafsi yaanze kugombea mizigo na ushirika, watu walikuwa wakizilima moja baada ya nyingine kwa tamaa ya dhahabu nyeupe. Ya mzee Mwandu ilibaki peke yake, na majirani walisaidia kuilinda kwa sababu walijua siku ikifunguliwa ng'ombe wao nao watakula.

Basi Milembe akaja nyumbani siku chache kabla ya profesa, apime udongo mapema, maana hakutaka mgeni amkute akibabaika. Keekee ya kutobolea ardhi ilikuwa nzito, mifuko na ndoo ndiyo usiseme. Akawafunga nira maksai wawili wa baba yake, akapakia vyote kwenye tela, akaingia nalo katikati ya ngitili. Jua lilipokuwa kali aliwaonea huruma wale maksai, akawafungulia wapumzike. Yeye akapiga magoti kwenye shimo lake. Udongo wa chini ulikuwa mweusi, umeshikana, una harufu nzuri, na furaha yake ilikuwa kubwa hata akasahau kwamba maksai ana mdomo.

Joakim, jirani yao mwenye kundi kubwa la ng'ombe, alipita njiani akamsalimu kwa Kisukuma, "Mwadila, mayu," yaani habari za mchana, mama. Milembe akaitikia huku akipunga mkono uliojaa matope. Joakim akawatazama maksai kwa muda mrefu, kisha akaenda zake akiharakisha kidogo.

Kesho yake asubuhi ngitili ilikuwa imejaa ng'ombe. Wa Joakim walikuwa mbele, wa wengine nyuma yao, wanakula kama waliotoka kifungoni. Milembe alisimama ukingoni. Hakuhitaji kuambiwa. Tangu utotoni alijua kwamba ng'ombe wa mwenye ngitili wakishatia mdomo, imefunguliwa, na kila aliyesaidia kuilinda ana haki ya kuingiza wake. Msomi mzima alikuwa ameifungua mwenyewe, kwa huruma ya maksai wawili.

Alilia, ndiyo. Akalia akiwa anatembea kwenda kuomba watu waitwe kwenye dagashida, yaani baraza lao la kijiji, kwa hiyo alipofika machozi yalikuwa yamekauka. Kuteleza si kuanguka, na huyu hakuwa na nafasi ya kuanguka.

Watu walipokusanyika mchana, alisimama bila kupepesa macho. Alisema kosa ni lake, wamtoze kwa desturi, yuko tayari kutoa mbuzi. Lakini aliwaomba waondoe ng'ombe upande wa juu, ambao ulikuwa bado haujaliwa sana, ili mgeni aone nyasi zilizosimama. Upande wa chini wamalize, hana kinyongo.

Joakim akasimama. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomtisha Milembe.

"Mayu, hatukuingia kwa uroho," alisema. "Ulipofungulia maksai, tulijua baba yako ametuita tule mara ya mwisho kabla trekta halijafika."

Watu wakatazama chini. Milembe akamgeukia baba yake, akamuuliza trekta gani. Mzee Mwandu alikohoa, akarekebisha kofia, akaeleza taratibu kwamba amepatana na mnunuzi mmoja wa pamba. Mbegu na trekta vitakuja mvua za kwanza. Alidhani mzungu ataangalia mara moja, atasaini, na mtoto atapanda ndege. Baada ya hapo nyasi zingemfaa nani? Majirani hakuwaambia mwenyewe kwa sababu aliona haya; walisikia kwa watu wa mnunuzi.

Hapo ndipo ilipomuuma Milembe, kuliko ng'ombe wote waliokuwa wakila kule nyuma. Lakini sauti yake haikutetemeka.

"Baba, sahihi peke yake haitoshi. Kila kiangazi nitarudi kuchimba pale pale. Ukilima, sina masomo. Kama utalima, niambie leo mbele ya hawa, nimwandikie profesa asije."

Mzee alisimama. Alimtazama Joakim, akawatazama majirani waliokuwa wamemlindia nyasi zake miaka yote, mwisho akamtazama mwanawe. Kisha akachukua fimbo yake bila kuaga, akatembea hadi ngitili watu wakimfuata. Akawatafuta maksai wake mwenyewe katikati ya kundi, akawaswaga wa kwanza kutoka upande wa juu.

"Trekta haliji," akasema. "Imefungwa."

Profesa alikuja siku ya Alhamisi, mwanamume mrefu aliyeungua pua kwa jua. Milembe hakumficha kitu. Alimwonyesha upande wa juu wenye nyasi za kufika kiunoni, akamwonyesha na wa chini ulioliwa ukabaki kipara, akamwambia kwamba ule wa chini ni kosa lake mwenyewe na akamweleza lilivyotokea. Profesa akacheka sana, halafu akaacha kucheka. Akauliza swali ambalo Milembe alikuwa akilingoja. Nani atamdhaminia kwamba hapa hapatalimwa wala kulishwa kabla ya wakati, Milembe akiwa Uholanzi?

Wakati huo kundi la Joakim lilikuwa linarudi kutoka majini. Fahali mmoja akageukia nyasi ndefu, akanyoosha shingo. Joakim, ambaye hata hakujua kwamba anatazamwa, akamcharaza fimbo ya pua na kumrudisha njiani.

"Yule," Milembe akasema.

Profesa akatoa kalamu mfukoni. Milembe akamwekea keekee mkononi, akamwambia achimbe kwanza, sahihi itafuata.