Sauti ya Nne Kivulini

Mama mkwe wangu alikuwa na shingo isiyogeuka. Sisemi kwamba shingo hiyo ilikuwa na maradhi. Ilikuwa na msimamo. Katika miaka yote aliyoongoza kwaya ya kiwanda chetu cha sabuni, hakuna aliyewahi kumwona akigeuza kichwa kumtafuta aliyekosea. Alisimama mbele yetu, uso umenyooka, mikono ikipanda na kushuka, na huku macho yake yakiwa kwetu sisi wa sauti ya pili, alimwambia mtu aliyekuwa karibu na bega lake la kushoto, "Breki, hizo karanga zirudishe mfukoni." Alikuwa akisema kuwa mwalimu wa kwaya anayegeuzageuza shingo ni kuku anayedonoa mtama: atashiba, lakini heshima hana.

Nyumbani mambo yalikuwa yale yale. Aliketi akichambua mchele, uso ukiwa ukutani, nami pembeni yake nikitikisa kopo la chumvi juu ya sufuria.

"Hiyo ya tatu unamtilia nani, mkwe wangu?"

"Ya tatu, Mama?"

"Mbili nilikusamehe."

Ndiyo maana mtoto wa jicho alipomwingia, familia nzima ilihuzunika, isipokuwa mume wangu, ambaye huzuni yake ilikuwa na tabasamu ndani yake. "Nimekuwa mtoto wa pekee miaka yote hii," alisema, "leo nimepata mdogo wangu."

"Huyo mdogo wako," Mama akamjibu, "angalau nikimtafuta namwona alipo."

Alimwona huyo tu, hakuona kingine. Ukungu ulitanda katika macho yote mawili, la kushoto likiwa limezidi, na daktari akaamua kuanza na hilo. Daktari mwenyewe alikuwa mwanamke kijana, mchangamfu, mwenye kuuliza maswali huku akiandaa vifaa vyake. Nilikuwa nimemsindikiza Mama, nikaketi kwenye stuli ya pembeni, mikoba yetu miwili mapajani.

"Mama, macho yako unayatumia kwa kazi gani?"

"Kuonea."

Daktari akacheka. "Kuonea nini, Mama yangu? Nataka kukuchagulia lenzi. Tutatoa ile ya asili iliyochafuka, tuweke ya bandia. Sasa lenzi hizi hazifanani."

"Nakagua miche ya sabuni ikipita, na jioni naongoza kwaya. Nataka nione nyuso za watu walio mbele yangu. Basi."

Daktari akatuonyesha picha mbili kubwa ukutani. Lenzi ya kwanza ukingo wake ulikuwa umekatwa wima, kama ukingo wa sinia. Ya pili ukingo wake ulikuwa umelainishwa, kama wa sahani. Akaeleza kwamba ule ukingo wa wima huzuia ukungu usitambae tena nyuma ya lenzi, hivyo jicho hukaa safi kwa muda mrefu. Ule uliolainishwa hauzuii vizuri hivyo. Ukungu huweza kurudi mapema, ingawa upo mwanga maalumu wa kuusafisha. "Ila ule wa wima nao una jambo lake," akaendelea. "Kuna watu wachache ambao pembeni mwa jicho—"

"Mwanangu," Mama akamkatiza kwa upole, "mimi nimezeekea kiwanda cha sabuni. Unaniuliza mimi kama nataka safi au chenye ukungu?"

"Lakini hili la pembeni, Mama..."

"Safi. Niwekee inayokaa safi. Nikichagua chenye ukungu, wenzangu wa kiwandani watanizika na mche mkononi."

Daktari alijaribu mara nyingine, na Mama akamuuliza kama ameolewa. Mazungumzo yakaishia hapo.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Bandeji ilipoondolewa, Mama alitazama sebule yetu kama mtu aliyehamia nyumba mpya. Akagundua kwamba ukuta ni wa kijani. Akagundua pia utando wa buibui juu ya kabati, masizi kwenye sufuria zangu, na nywele za mvi kwenye kidevu cha mwanawe. Siku nzima tulikuwa tukipanguswa, sisi na vyombo. Jioni, tulipokuwa mezani, akasogeza kiti chake kulia kidogo na kusema kwa adabu, "Pita tu, mwanangu."

Hakuna aliyekuwa akipita.

Baada ya muda akasema tena, "Karibu, mbona umesimama?" Mume wangu alinitazama, nami nikamtazama. Kushoto kwa Mama palikuwa na ukuta ule wa kijani na kalenda.

Mwenyewe hakulitaja jambo hilo hadi tulipobaki wawili jikoni. "Chukua mwiko," akaniambia. "Anza nyuma ya bega langu la kushoto, uje mbele taratibu." Aliketi, shingo imesimama kama nguzo, nami nikamzunguka na mwiko kama mtu anayefanya mazoezi ya gwaride. "Bado... bado... sasa naona. Rudi. Umepotea." Akashusha pumzi. "Kuna kivuli hapo, chembamba, kimepinda kama ukucha uliokatwa. Nikitazama mbele, kinasimama ukingoni, kama mgeni anayeona haya kubisha hodi."

"Kesho twende kwa daktari, Mama."

"Nikamwambie nini? Kwamba nilichagua mwenyewe? Jicho linaona hadi mvi za watoto. Kivuli kimoja hakiniui."

Kivuli hakikumuua, lakini kilikaa mahali pabaya. Kwaya yetu hufanyia mazoezi ghalani, katikati ya makatoni ya sabuni yaliyopangwa hadi karibu na dari. Nafasi ni finyu, kwa hiyo husimama nusu duara iliyobanwa, hata ncha zake mbili hukaribia mabega ya mwalimu. Ncha ya kulia ni sauti ya kwanza, kina dada wa ufungaji. Ncha ya kushoto ni sauti ya nne: Breki, dereva wa lori letu, ambaye sauti yake ni nzito kuliko mzigo wake, mume wangu, na wenzao wa kwenye matangi. Hao ndio waliosimama ndani ya ule ukucha.

Breki ndiye aliyegundua. Siku moja alichelewa, akanyata, akaingia mahali pake akisubiri kutajwa. Hakutajwa. Akakohoa. Akatoa karanga moja, akaitafuna waziwazi kama mbuzi, na mikono ya Mama ikaendelea kupanda na kushuka kwa amani. Jioni hiyo sauti ya nne nzima ilitazamana kama wafungwa waliokuta lango halina kufuli.

Kuanzia hapo pakawa na nchi huru ghalani. Mmoja alisoma ujumbe kwenye simu, mwingine aliegemea makatoni na kufumba macho. Mume wangu, mtoto wa tumbo lake, alifungua mdomo bila kutoa sauti, akiufungua na kuufumba kama samaki. Mimi niliwaona wote kutoka sauti ya pili. Ningeweza kusema, lakini mke anayemshtaki mumewe kwa mama mkwe amewasha moto katika nyumba yenye mlango mmoja. Nilimkanya kitandani, akanijibu kwamba anapumzisha koo.

Tamasha la kwaya za viwanda lilikuwa likikaribia, na wimbo wetu una mahali pa hatari. Katika ubeti wa tatu sauti zote hunyamaza, na sauti ya nne huingia peke yake. Mama alipowaita kwa mkono wa kushoto, kilichotoka hapo kilikuwa sauti ya mtu mmoja na nusu, na ile nusu ilikuwa imejaa karanga.

Mpiga kinanda alisimamisha vidole. Alikuwa mtu mpole, mwenye masikio yasiyomwachia usingizi, na wala simlaumu. "Mwalimu," alisema, "chini kumekuwa kwepesi."

"Wamechoka."

"Wamechoka wiki zote hizi?"

Alikwenda kwa meneja. Meneja akamwita Mama ofisini, akamsifu kwa maneno mengi kiasi kwamba Mama alijua pana jambo, kisha akamwambia kwamba imeonekana vyema apumzike, awe mlezi wa kwaya. Mpiga kinanda angeongoza. Mama akaomba zoezi moja, meneja akiwepo, ndipo aamue. Meneja akakubali, kwa sababu hakutaka kumkataa uso kwa uso.

"Mlezi hufanya nini, Mama?" nilimuuliza tukirudi nyumbani.

"Hukaa kwenye kiti chenye mto, akavishwa utepe, akapigiwa makofi. Ni mazishi kamili, mkwe wangu, ila marehemu anaombwa akae wima." Akakaza mwendo. "Mimi sijui kukaa nikisikiliza watu wakiimba vibaya. Nitakufa kweli."

"Tuwahamishe sauti ya nne waje kulia."

"Kisha nikishafanyiwa upasuaji wa jicho la kulia nalo, niwahamishie wapi? Juu ya makatoni?"

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba alikuwa akiliogopa jicho la pili kuliko meneja. "Basi umwambie daktari," nilisema, "na safari hii usimuulize kama ameolewa."

Daktari alilipima jicho kwa makini, akalikuta zima kabisa. Lenzi imekaa mahali pake, nyuma yake pakiwa safi kama tulivyoahidiwa. "Hiki kivuli ndicho nilichotaka kukueleza," alisema. "Mwanga unaotoka pembeni kabisa ukifika kwenye ukingo wa wima, hugawanyika, pakabaki sehemu nyembamba isiyopata mwanga. Wengi ubongo huzoea baada ya miezi, wakakisahau."

"Miezi sina. Nina zoezi moja."

"Basi jaribu hii." Akafungua droo, akatoa miwani ya vioo vitupu, fremu nyeusi nene, vishikio vyake vya masikioni vipana kama rula. "Huukinga ule mwanga wa pembeni usiigonge lenzi vibaya. Haimsaidii kila mtu."

Mama akaivaa. Nilikuwa nimebeba mwiko mkobani, kwa kuwa nilishajua ni kipimo chetu. Nikaanzia nyuma ya bega, nikaja mbele, na daktari akanitazama bila kuuliza.

"Simama!" Mama akasema. "Nimekuona. Naona fremu, juu yake naona mwiko, chini yake naona gauni lako na kifungo kinachotaka kukatika. Kivuli kimekwenda."

"Fremu haikusumbui?"

"Fremu naijua jina lake. Yule mwingine sikumjua."

Daktari akaketi. "Sasa, Mama, la kulia tutalifanya baada ya tamasha lenu. Nakuuliza tena: macho yako unayatumia kwa kazi gani?"

Mama alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya khanga. "Mbele naonyesha heshima tu," alisema. "Kazi naifanya kwa pembe za macho."

"Kwa hiyo ukingo uliolainishwa. Siahidi kwamba hakitatokea kivuli, ila uwezekano unapungua. Na ukungu unaweza kurudi."

"Ukirudi tutausafisha. Kusafisha ndiyo kazi yangu."

Siku ya zoezi meneja alikuja, na nyuma yake kikaja kiti chenye mto mwekundu, kikawekwa kulia karibu na kinanda. Mama aliingia na miwani yake. Ghala lote likanong'ona.

"Mwalimu kavaa madirisha," Breki alisema kwa sauti aliyodhani ni ndogo.

"Haoni kabisa sasa, masikini," mwenzake akamjibu, naye akatoa karanga kwa huzuni.

Tukaanza. Ubeti wa kwanza ukapita, wa pili ukapita. Mama alitazama mbele, kwangu, na nyuma ya vile vioo macho yake yalikuwa yametulia hata nikashikwa na hofu. Nilijaribu kumkonyeza mume wangu, akanirudishia busu. Ubeti wa tatu ukafika. Sauti zote zikanyamaza. Mkono wa kushoto wa Mama ukapanda, lakini badala ya kuwaita, ukafunga ngumi. Shingo haikutikisika.

"Breki, meza kwanza. Wewe wa tangi la pili, simu hiyo haijui kuimba. Wewe uliyeegemea, katoni ni la kuuzwa. Na wewe niliyekuzaa mwenyewe, nilikunyonyesha ili ufungue mdomo na kitu kitoke. Samaki nitanunua sokoni."

Karanga zilisikika zikianguka sakafuni. Kina dada wa sauti ya kwanza wakaziba midomo.

"Mama," mume wangu akasema, "uliona tangu lini?"

"Tangu busu. Twendeni ubeti wa tatu."

Mkono ukafunguka, na sauti ya nne ikaingia. Sijui kama ni ufundi au ni woga, lakini iliingia yote kwa pamoja, nzito, hata makatoni yaliyo nyuma yao yakatetema na mpiga kinanda akafumba macho. Tulipomaliza, meneja alipiga makofi akiwa amesahau kwamba alikuja kuamua. Mpiga kinanda, mtu mwaminifu, aliinuka kwa kunyata, akakishika kile kiti ili akiondoe kabla hakijaonekana.

"Kiache," Mama akasema, uso mbele. "Meneja amesimama muda mrefu. Mlezi wetu akae."

Meneja akakaa. Ni mlezi mzuri hadi leo; hupiga makofi na hafanyi kitu.

Baada ya tamasha jicho la kulia lilifanywa. Siku bandeji ilipoondolewa nilikuwa jikoni, naye akaketi kwenye kiti chake, uso ukiwa ukutani, miwani mapajani. Sikumuuliza kitu, kwa kuwa niliogopa jibu. Nilipita taratibu upande wake wa kulia, nikasimama kwenye sufuria, nikanyoosha mkono.

Nikatikisa kopo la chumvi mara moja. Nikatikisa mara ya pili. Nikatikisa tena, kwa nguvu, nikimwombea.

"Mkwe wangu," akasema ukutani, "huo mchuzi unataka kuuhifadhi mpaka mwakani?"

Nikalia kwa furaha, na chakula kile tulikila na maji mengi.