Kiti Karibu na Dirisha

Kwenye kioo cha kamera ya joto, sebule nzima ilikuwa ya buluu, rangi ya baridi, kuta, dari na sakafu, kama inavyopaswa kuwa nyumba isiyokaliwa msimu wa baridi. Kiti kimoja tu, kile cha kitambaa karibu na dirisha, kilikuwa cha manjano pale mtu anapokalia na pale anapoegemea. Noemie Verret aliishusha kamera, akakitazama kwa macho yake. Kitupu. Akaipandisha tena. Manjano bado.

"Umeona nini?" aliuliza Alcide Guidry, aliyesimama mlangoni.

"Bado naangalia, Bwana Alcide."

"Angalia, mwanangu. Ila tusizeekee humu, mimi tayari nimeshazeeka."

Hii ilikuwa nyumba ya mwisho ya mafunzo ya Noemie. Mtihani wa darasani alishaufaulu. Kilichobaki ni saini ya mzee huyu, mkaguzi wa nyumba mkongwe kuliko wote mjini Houma, na bila saini hiyo leseni angeisikia kwa wenzake tu. Mzee mwenyewe hakuwa mtu wa mchezo. Mwanafunzi mmoja aliwahi kumwambia kwamba nyumba fulani "ina kitu". Akaambiwa arudi kwao akauze matairi, na kweli anauza mpaka leo.

Noemie hakuwa na pa kurudi. Kazi ya kusafisha vyumba vya hoteli alishaiacha, na nafasi yake ilishapata mtu. Miaka yote ile aliona mengi kwenye vyumba vya watu, akapangusa, akanyamaza. Kunyamaza ndiko kulikomlisha. Hata leo, walipofika, aliona kwamba mzee hakuchukua ufunguo kwa dalali. Aliutoa kwenye fungu lake mwenyewe. Aliona pia jinsi alivyoiruka ile marumaru iliyoinuka barazani bila kutazama chini. Hakuuliza.

Pengine bomba la maji moto lilikuwa limepasuka chini ya zege. Alitoka kwenda kukagua. Mita ya maji ilikuwa imetulia tuli, koki kuu imefungwa, gesi imekatwa. Aliporudi, aliweka kiganja juu ya kiti. Kilikuwa na joto la kiti ambacho mtu ameinuka juu yake sasa hivi kwenda kufungua mlango.

Akainamisha kamera sakafuni, na hapo ndipo alipoziona nyayo. Zilitoka kitini moja baada ya nyingine, za nyuma zikififia, za mbele zikiwa bado za manjano.

"Nasubiri," alisema mzee. "Au nikuletee na kahawa?"

Jibu rahisi lilikuwa limeshafika mdomoni: hakuna kitu, bwana. Angepata saini yake, na jioni angekula chakula chake kwa amani. Lakini alikuwa amechoka, amechoka kweli, kulipwa kwa kutoona.

"Kiti kina joto," alisema. "Maji nimekagua, yamefungwa. Sababu siijui. Na kuna nyayo."

Alisubiri kuambiwa afungashe vifaa vyake.

"Za viatu?"

"Za miguu mitupu. Midogo. Wa kushoto anaukanyagia upande."

Alcide alivua kofia. Aliposema, ukali wote ulikuwa umemtoka.

"Earline alivunjika mguu huo tukiwa bado wachumba. Marehemu mke wangu. Hapa ni kwetu, Noemie. Kila nikiingia nahisi siko peke yangu, lakini mimi kamera hainionyeshi kitu ila buluu. Na wote niliowaleta walisema hakuna kitu. Yule wa matairi alisema kuna kitu, nikamuuliza kitu gani, akashindwa kuniambia."

"Samahani, mzee. Sikujua."

"Saini yako utaipata, hilo limekwisha. Niambie tu, zinaelekea wapi?"

"Kwako."

Mzee alibaki pale pale mlangoni. Macho yake yalikuwa kwenye kiti kile, yamejaa machozi. Noemie aliipandisha kamera taratibu, kutoka sakafuni hadi kwenye magoti ya mzee, hadi kwenye koti lake lililopoa kwa baridi ya nje. Begani, palipokuwa buluu, kilitokea kidole kimoja cha manjano, kisha vingine, kisha kiganja chote.

"Usisogee, mzee," alinong'ona. "Usisogee kwanza."