Jumamosi Bila Sauna

Modeli ya Saimi haikuwa na neno wiki nzima, ila ikifika Jumamosi inaumbuka. Mwaka mzima alikuwa akiifundisha kompyuta jinsi harufu ya misonobari inavyopanda hewani, ikapigwa na jua, ikageuka chembe ndogo mno zinazoelea. Jumapili hadi Ijumaa, hesabu yake na vipimo vya mnara wa kituo chao cha msituni vilikwenda sambamba. Jumamosi jioni vipimo vinapaa, modeli imelala fofofo.

"Jumatatu tunarudi kwenye modeli ya zamani," Ensio, mkuu wa kituo, alimwambia mezani huku akipaka siagi mkate wake mweusi. "Pole, Saimi. Chembe za msituni hazijui kalenda."

Saimi nusura machozi yamdondokee kwenye kahawa. Kalenda! Basi nani anayeijua? Akatupa macho dirishani. Chini ya mnara kilikuwapo kibanda cha mbao cha sauna, bafu lao la mvuke, ambacho wote walikipita bila kukiona, maana ni Mfini gani atakayeita sauna moshi? Sauna ni sauna, bwana! Na kinara wake Ensio: kila Jumamosi anashindilia kuni, kisha anayamwagia mawe maji yenye lami ya msonobari, ile itokanayo na utomvu uliochomwa, eti yanamnukia utoto.

"Ensio, Jumamosi hii usiwashe."

"Nisiwashe nini?"

"Sauna."

Ensio akakiweka chini kisu cha siagi.

"We binti, u mzima kweli?"

"Nikikosea, modeli naitupa mwenyewe."

Jumamosi Ensio alikaa mbele ya skrini akijikuna mgongo, amenuna kama mtoto aliyenyimwa uji. Jioni ikaingia. Mstari wa vipimo ukajilaza juu ya mstari wa Saimi, usibanduke. Ensio akaukodolea macho, kisha akaangua kicheko hadi miwani ikamdondoka.

"Lo! Kumbe ni mimi! Siku zote hizo ni mimi!"

"Ni wewe, mzee wangu."

"Haya, modeli inabaki. Sasa naruhusiwa kuoga?"

Saimi alikuwa ameshaingiza moshi na lami kwenye hesabu. "Nenda. Na lami usiibanie."

Baadaye mlango wa kibanda ukafunguka kwa kishindo. Ensio akachomoka mwekundu, taulo likimponyoka, akapaza sauti kuelekea dirishani: "Imepanda?"

"Imepanda!" Saimi akapiga kelele, akirukaruka. "Mistari yote miwili!"