Mguu wa Kwanza Asubuhi

Bibi Thìn, muuza uji wa samaki aina ya mkunga, anaapa kwamba alimwona Diệu kwa macho yake mawili akimfukuza mama wa watu kwa moto. "Kamwashia gazeti miguuni," huwaambia wateja huku akipakua, "kama mtu anayefukuza nyuki. Na ule uso wake wa karibu-wageni!" Mtaa mzima umeamini, maana kibanda chake kinatazamana na mlango wa ofisi.

Moto ulikuwepo, hilo ni kweli. Na gazeti aliliwasha Diệu.

Diệu ni wa mapokezi katika ofisi moja ya hapa mjini Vinh, Vietnam, inayopeleka watu kufanya kazi ng'ambo. Yake ni meza, simu, chai ya wageni, na sanamu ya yule mungu wa ardhi mwenye kitambi aliyekaa sakafuni kando ya mlango, ambaye hupewa kahawa na sigara kabla binadamu yeyote hajapewa kitu. Bosi Kháng hana mchezo na mambo hayo. Mtu wa kwanza kukanyaga ofisini ndiye anayefungua siku. Akiwa na mguu mzuri, watu watajiandikisha. Akiwa na nuksi, ndiyo basi tena.

Mama Sâm alishatangazwa kuwa na nuksi. Ofisi ilimpeleka binti yake, Nhàn, Taiwan kumuuguza mzee mmoja nyumbani kwake. Mara ya mwisho Nhàn alipopiga simu alisema kifua kinambana, usiku haachwi alale, wamwombee ahamishwe nyumba. Tangu hapo simu yake haipatikani. Namba ya wakala wa kule anayo bosi tu, kwenye simu yake ya mkononi. Mama Sâm alitaka jambo moja: wakala apigiwe, aulizwe kama mwanawe ni mzima.

Alikuwa akija mapema, akitoka sokoni kuuza mboga. Siku moja akawatangulia wote, na siku hiyohiyo vijana wawili wakajitoa safarini. Bosi akashuka ngazi uso umemwiva.

"Yule mama asiwe wa kwanza tena. Nikimkuta wa kwanza, utamchomea karatasi mlangoni, moto urukwe nuksi itoke. Hutaki, katafute ofisi nyingine ya kupakia wanja."

Diệu akatafuta njia. Alimwomba Toàn, mleta maji ya kunywa, mcheshi ambaye hata wenye maduka humwita awafungulie siku, aanze na ofisi yao. Mama Sâm angesubiri kwa Bibi Thìn mpaka dumu la kwanza litue ndani.

"Usione vibaya, mama."

"Nione vibaya nini? Mteja akizigeuzageuza mboga zangu asubuhi asinunue, si namchomea na mimi? Kumbe siku hizi natisha!" Akacheka mpaka akakohoa.

Ikawa hivyo. Toàn aliingia, Mama Sâm akafuata, akaketi, akaambiwa bosi ana kikao. Kesho yake akarudi, akaambiwa vilevile.

Halafu ikaja asubuhi ya mvua. Pikipiki ya Toàn ilipata pancha. Turubai la Bibi Thìn lilijaa watu, hata pa kuweka mguu hapakuwepo, basi Mama Sâm akavuka barabara akasimama chini ya ukingo wa paa la ofisi.

"Siingii, mwanangu. Najikinga tu."

Gari la bosi likafika. Alishuka na mwavuli, akamwona, akagoma kuvuka kizingiti.

"Choma."

"Bosi, hajaingia ndani..."

"Nimemkuta mlangoni kwangu. Choma!"

Diệu alichukua gazeti na kiberiti cha mungu wa ardhi. Upepo ukauzima moto. Akawasha tena, matone yakauzima. Bosi alikuwa akimtazama.

Mama Sâm akavua kofia yake ya majani, akainama, akaukinga moto.

"Kunja ncha. Hivyo. Hata moto hujui kuwasha, atakuoa nani?"

Karatasi ikashika. Ng'ambo ya barabara Bibi Thìn aliona moshi, na mgongo wa mama wa watu umeinama. Mama Sâm akaikunja suruali yake, akauruka moto, akarudi akauruka tena. Bosi naye akaruka, akampita bila kumtazama, akapanda ngazi.

"Akiniuliza, nimesafiri," bosi alimwambia Diệu.

Mama Sâm aliingia akasimama. Hakutaka kulowesha kiti.

"Sasa nimesafika. Mwambie nimeruka mwenyewe, tena mara mbili."

Diệu akapiga simu ya juu. Wote wawili waliisikia ikilia, dari ni jembamba. Wakasikia kiti kikiburuzwa. Ikalia mpaka ikachoka.

Toàn akaingia amelowa chapa, dumu begani. "Mguu wa bahati huo! Nani kanitangulia leo?" Alipowaona, akalitua dumu polepole, akatoka.

"Yupo," alisema Mama Sâm.

Diệu alitazama ngazi. Alijua neno atakaloambiwa kule juu, na alijua saa hiyohiyo atakuwa nje kwenye mvua, na wakala wa Nhàn bado hajapigiwa simu na mtu.

"Panda, mwanangu. Huna haja ya kumwomba. Mwambie tu mama yake Nhàn yuko chini, anangoja."

Kahawa ya mungu wa ardhi ilikuwa bado inafuka. Mkono wa Diệu ulikuwa juu ya simu.

"Mwanangu. Panda."