Kibao Kilichotutoa Kidogo

Usiku wa kuamkia leo niliota nampeleka Shangazi Matika kuona bahari.

Shangazi ni dada wa baba yangu, ndiye aliyenilea hapa Manyoni, ambako maji mengi kuliko yote tuliyowahi kuyaona ni bwawa la ng'ombe. Ana presha ya macho, na daktari ameshatuambia kwamba jicho la namna hiyo likipoteza kitu halikirudishi. Katika ndoto habari hiyo ilijulikana hata na barabara: macho ya Shangazi yanafungwa kesho jua likizama, kama duka, na kabla hayajafungwa anataka kuiona bahari. Basi, hana ombi jingine.

"Ukinichelewesha, baba, nitaisikia tu," akasema. "Na kuisikia nimeshaisikia. Redioni." Huniita baba kwa sababu nina jina la baba yake, Ndahani.

Tunasafiri. Nyuma ya gari kuna hema, sufuria, gunia la mkaa, na jogoo aliyekataa katakata kubaki nyumbani. Nje ni vichaka vya miiba tu na vumbi jekundu. Tukasimama chini ya kilima tupumzike, nikakunjua hema. Halikufunguka.

"Piga hodi," likasema.

"Lakini ndani hamna mtu."

"Ndiyo maana upige. Utaingiaje kwa mtu asiyekuwepo bila hodi?"

Nikapiga hodi. Likajijibu karibu lenyewe, likasimama. Shangazi akaniambia niliombe radhi kwa kubishana, nami nikaliomba.

Usiku ukaja, ukatusalimia, ukapita zake. Asubuhi tukaaga, na hapo ndipo balaa ilipoanza. Kwetu mgeni haachwi aondoke peke yake kama mwizi. Mwenyeji humtoa hadi njia panda, na mazungumzo yakinoga, mgeni naye humrudisha mwenyeji nusu ya njia. Kilima kikainuka, kikawakung'uta mbuzi waliokuwa mgongoni, kikasema kitatusindikiza.

"Usijisumbue," nikasema.

"Nijisumbue nini? Hatua mbili tu."

Kumbe hatua mbili za kilima ni wilaya nzima! Tukafika njia panda kabla injini haijapata moto. Ningeshukuru nikaondoka zangu. Lakini nilivyolelewa mimi, nikaona aibu, nikageuza gari tukirudishe. Kilima kikafurahi mno, kikasema ah, na mimi nawatoa tena. Tukaenda, tukarudi, tukaenda.

"Baba," akasema Shangazi, "jua."

Nikatazama. Utosini! Bahati nzuri kilima kilichoka, kikakaa palepale kilipokuwa, kikasema mbuzi watakijua kilipo.

Ghafla tuko kusini. Mikorosho huku na huku, mchanga mweupe barabarani, na hewa imeanza kunata mdomoni. Pembeni kuna kibao cha bati: LINDI KM 40. Kilikuwa peke yake, nikasimama kukisalimia. Nani angepita tu?

"Ngoja niwatoe kidogo," kikasema.

"Karibu, twende," nikajibu. Lilinitoka lenyewe, wallahi.

Kikang'oa mguu wake kwenye zege, kikaanza kutembea kando ya gari. Tunaendesha. Natazama dirishani: Lindi km 40. Tunapita daraja, tunapita shamba la mihogo, tunapita wanawake wanaoanika korosho. Natazama tena: Lindi km 40.

"Mbona hatufiki?" Shangazi akauliza.

"Tunakwenda vizuri tu, Shangazi. Ila tuko kilomita arobaini."

"Mfukuze huyo."

"Nitamfukuzaje? Hajatukosea."

"Ninasikia," kikasema kibao, na kutu ikakipanda usoni. "Samahanini. Kazi yangu miaka yote ni kuwaambia watu bado. Hakuna aliyewahi kusimama kunisalimia. Nilidhani leo na mimi ningefika."

"Ufike wapi?"

"Lindi. Nimeiandika tangu nichongwe, sijaiona."

Sasa nifanye nini hapo? Nikikibeba, hatutafika. Nikikiacha, nitakuwa mtu wa namna gani? Na jua limeshaingia kwenye matawi ya mikorosho. Nikalia, waziwazi, mikono iko kwenye usukani. Mwanamke huyu alinibeba mgongoni nikiwa na surua hadi zahanati, na mimi nashindwa kumfikisha sehemu moja.

Shangazi akanifuta pua kwa kanga yake, mwanamume mzima. "Nyamaza. Mpakie nyuma, asitembee na mguu mmoja. Kisha endesha."

"Lakini macho yako, Shangazi!"

"Macho ni yangu. Mpakie."

Nikakipakia kando ya jogoo, nikaendesha. Kilomita arobaini. Jua limegusa ardhi. Kilomita arobaini. Nikakata kona, nikapiga breki.

Bahari ilikuwa katikati ya barabara. Yote. Imekuja kwa miguu, inahema.

"Nimeambiwa tangu mchana kuna wageni wangu wako kilomita arobaini," ikasema. "Nikangoja. Nikiuliza, wako kilomita arobaini. Nikasema hapana, hao wamekwama. Nimekuja kuwapokea." Ikanyoosha wimbi, ikachukua sufuria na gunia la mkaa, kama apokeavyo mwenyeji yeyote.

Shangazi akashuka. Akasita, kwa kuwa hakujua nani mkubwa kati yao.

"Shikamoo, Bi Matika," ikawahi bahari.

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo."

Akaitazama. Jua lilikuwa limebaki ukucha tu, lakini bahari ikajifungua mbele yake hadi mwisho, na yeye akaitazama kutoka kushoto kwenda kulia, taratibu, kama anayetafuta mtoto wake kwenye umati. Nilifurahi hadi kifua kikaniuma.

"Kumbe haina ng'ambo," akasema.

Nyuma ya gari kibao kikauliza, "Na Lindi iko wapi?" Bahari ikakionyesha taa zilizoanza kuwaka upande wa kulia. Kibao kikajiinua kando ya jogoo, kikazitazama.

Kisha jua likazama. "Wamefunga," akasema Shangazi, kwa sauti ya kawaida kabisa, akanishika mkono. "Turudi nyumbani, baba."

"Ngojeni niwatoe kidogo," ikasema bahari.

Nikafungua mdomo niseme usijisumbue, nikaamka.

Kulikuwa kumeshapambazuka. Kitanda cha Shangazi kitupu, mlango wazi. Nikatoka mbio. Nikamkuta anakuja kutoka barabarani, pekupeku, anapapasa ukuta kwa kiganja. Kanga yake imelowa hadi magotini. Na hapa Manyoni mvua tumeisahau tangu Aprili.

"Shangazi! Umetoka wapi?"

"Si kuirudisha? Imetuleta hadi hapa mlangoni, ningeiacha iende peke yake?" Akakaa kizingitini, akashusha pumzi. "Nimeifikisha stesheni tu. Miguu imenishinda."

Nikapiga magoti, nikashika pindo la kanga nilikamue. Maji yakanitiririkia kwenye kidole nilichojikata jana kwa kisu cha vitunguu, yakachoma hadi nikafyonza hewa kwa meno.

"Pole, baba," akasema, anatabasamu upande nisiokuwepo. "Ina chumvi hiyo."